Wimbo wa Matuta Manne

Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti nyembamba ilivuka ua wa miiba, mara ikiimba, mara ikifokea mbuzi. Nikajua nimefika kwa Susu, yaani bibi, Kalunde, nje kidogo ya Mwingi.

Mama yangu, Ndunge, ndiye aliyenituma kutoka Kilungu. Jumatatu kamati ingepita kuandika kila shamba na mwenyewe, nasi hatukuwa na hati yoyote. Marehemu baba alirithi kwa maneno tu. Sasa mdogo wake, Kioko, alidai matuta manne ya chini, kando ya kijito. Hayo ndiyo yanayotulisha wakati wa kiangazi. Yalichimbwa na mwethya, wanawake wanaolimiana kwa zamu, mama akiwa bibi harusi. Aliyewaimbisha ni Kalunde.

"Wewe ni wa Ndunge? Mbona umekonda hivi?" aliniuliza bibi huyo. Nilipomweleza shida, alicheka. "Miguu imestaafu, mwanangu, lakini koo bado lipo kazini. Tafuta gari."

Jumapili, Abdi, mchuuzi wa ng'ombe, alimpa kiti cha mbele katika lori lake. Susu aliimba hadi Machakos.

"Nyanya, hata ng'ombe wangu hawana kelele hivi!"

"Wako wanaenda kuchinjwa, wataimba nini?"

Jumatatu asubuhi, Kilungu ilikuwa imejifunika ukungu. Karani wa kamati alitaka ushahidi. Susu akashuka mteremko na fimbo yake, akiimba, kila tuta na ubeti wake. Tuta la kwanza, jiwe lililovunja jembe. Tukafukua, jiwe likaonekana. La pili, mzizi wa mkuyu, nao ulikuwepo. Kwenye la tatu akaimba juu ya Kioko, aliyewaletea wachimbaji uji akateleza, uji wote ukamwagika.

"Haukumwagika wote!" Kioko alifoka.

Karani akainua kalamu. "Ulikuwa ukiwapelekea wachimbaji wa nani?"

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Wanawake walikuwa tayari wanacheka, naye akashindwa kujizuia, akacheka. "Wa shemeji," alisema. "Mwandike Ndunge. Yote manne."

Jumatano nilimrudisha Susu kwake, na nduma za tuta la tatu kwenye kikapu. Nilikuwa nimeondoka nikidhani hatuna ushahidi wowote. Kumbe mama aliupata siku ile ile alipowapikia uji wachimbaji wake.

"Haya, nenda, lori halingoji," aliniambia. Alikuwa tayari anajaribu ubeti mpya, wa uji ambao haukumwagika wote, alipofunga mlango nyuma yangu.