Mzee Mikunjo Afunga Duka

Mtaani walimwita Mzee Mikunjo kwa sababu suruali aliyoipiga pasi yeye ilibaki na mkunjo wake wiki nzima. Dobi huyu hakujua likizo. Duka lake lilifungwa kwa msiba tu, na mkewe alishalishwa ahadi za matembezi mpaka akavimbiwa.

Safari hii bibie alikuja juu. Watoto wameshajitegemea, naye anataka kuiona pwani akiwa majini, mumewe pembeni. Wakaenda kwa wakala wa safari. Mume akaipenda meli kubwa yenye vyumba vya kiyoyozi, akauliza swali moja tu: "Humo ndani nguo zinafuliwa wapi?"

Mkewe akamkata jicho.

"Dada, tupe ile ndogo ya matanga," akamwambia wakala. "Ile inayotia nanga kila ghuba. Hiyo haina hata pasi."

Wakala akawapa maelekezo: waje na mabegi laini, maana sanduku gumu halina pa kukaa, na dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda chomboni, siyo baada ya kutapika. Nyumbani, dobi akayatia mashati yake wanga mpaka yakagoma kuingia begini. Mkewe akayafua upya, akicheka peke yake.

Siku moja kabla ya kuondoka, mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa miaka mingi, akaleta suti ya harusi ya mwanawe.

"Naihitaji Jumamosi, mzee."

"Bila wasiwasi, Mwalimu." Mdomo ulishajibu kabla kichwa hakijafikiri.

Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni. Hakugomba. Alirudi chumbani akaanza kutoa nguo zake begini, moja moja. Hapo ndipo dobi alipoogopa kwelikweli. Makelele ya mkewe alishayazoea. Kimya hiki kilikuwa kigeni.

Akaichukua suti, akatoka mbiombio hadi kwa mwalimu. Tangu aanze kazi hakuwahi kumrudishia mtu nguo chafu.

Mwalimu akaiangalia suti, akamwangalia dobi, akavua miwani.

"Pole sana, mzee wangu. Amefariki nani?"

"Hajafa mtu, Mwalimu," akajibu kwa aibu na raha. "Naenda likizo na mke wangu."