Siku Clermont Savard Alipofunga Bwawa la Binti Yake

Mkono wa kulia wa shemeji yangu Clermont Savard haukunjiki vizuri wala haukunjuki vizuri. Vidole vitatu vilivunjika akiwa na miaka ishirini, enzi alipokuwa akilipwa kupigana. Msishangae. Kwenye hoki yetu ya barafuni kila timu ilikuwa na mtu wake wa ngumi, na hapa mjini kwetu Jonquière mtu huyo alikuwa Clermont. Kufunga bao hakujua. Kazi yake ilikuwa kuvua glavu, kumkamata mtu jezi na kumtwanga mpaka refa achoke kutazama. Meno yake sita ya mbele ni ya bandia.

Hoki ilipomtema akashika kazi ya mabwawa ya kuogelea, na mimi Rosaire, kaka wa marehemu mkewe, nikamfuata. Kuanzia Septemba hadi theluji ya kwanza tunapita nyumba kwa nyumba tukiyafunga. Unapunguza maji, unapuliza mabomba kwa kompresa, mashine ya kusukuma hewa, na kila tundu la bomba likishatema maji ya mwisho, mwenzako aliyesimama ndani ya maji yale baridi analiziba kwa kizibo. Maji yakibaki bombani, Januari yataganda na kulipasua, na mwenye nyumba atakupokea mwezi wa tano, bwawa likifunguliwa, kwa matusi ya kanisani, maana kwetu mtu akikasirika hutukana kwa kutaja tabenakulo na kalisi.

Aliacha hoki, ngumi hakuziacha. Nimemwona akimlaza chini mteja aliyemwita mlevi. Nimemwona akimtoa mtu garini kwenye foleni ya mafuta. Na Krismasi iliyopita, pai ya nyama ikiwa bado mezani, alimvunja pua kaka wa mkwewe kwa neno ambalo mpaka leo hakuna anayelikumbuka. Damu iliruka mpaka kwenye gauni la Maïka, mjukuu wake wa pekee. Annick, mama wa mtoto, alimfuta binti yake uso kwanza, ndipo akamgeukia baba yake.

"Ngumi moja tena, Baba," alisema. "Kwa mtu yeyote yule. Na Maïka humwoni."

Miezi kumi hakupiga mtu. Mnajua ilimgharimu nini? Hamjui. Mimi najua, nilikuwa naye garini. Mteja akimtukana, alitumbukiza mikono kwenye maji ya bwawa mpaka ikafa ganzi. Siku moja alipiga mti badala ya mtu, na mimi nikamfunga bandeji. Kando ya kiti chake aliweka boksi lenye viatu vya kutelezea kwenye barafu, vyeupe, vya mtoto wa miaka mitano. Majira haya ya baridi angemfundisha Maïka kuteleza, kila Jumapili, yeye na yeye tu. Tukisimama kwenye taa nyekundu aliachia usukani, akalifungua lile boksi, akatazama, akalifunga.

Jumatatu ya sikukuu ya mavuno, mwezi wa kumi, tulikwenda kufunga bwawa la Annick. Mumewe Steeve ni kijana wa ofisini asiyeweza kutulia bila kumfundisha mtu kazi yake. Tangu asubuhi alikuwa juu yetu. Alisema ameona video, kazi hii ni ya dakika ishirini. Alisema wageni wake wanafika saa sita na hataki wakute vyura majini. Alimwita Clermont mzee wa vizibo, akamuuliza kama ngumi nazo zimestaafu au ziko likizo. Clermont aliingia majini mpaka kiunoni, akaziba tundu la kwanza. Nilimwonea huruma, na nilijivunia kuwa shemeji yake.

Sasa hapa nilikosa mimi. Kompresa haiachwi peke yake. Mimi nikaiacha, nikaenda garini kuchukua ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, tunayoimimina mabombani mwishoni. Dakika mbili tu! Steeve akaona ndiyo nafasi yake ya kutuharakisha. Akageuza mpini wa vali ili hewa ipitie ndani ya pipa la chujio la kusafishia maji, lililo kwenye banda la wazi kando ya bwawa, akafungua kompresa mpaka mwisho. Clermont, bila habari, akaziba tundu la mwisho. Hewa yote ikabaki ndani ya pipa, haina pa kutokea.

Niliporudi nilikuta pipa linapiga mluzi. Mfuniko wake hushikwa na mkanda mmoja wa chuma, na mkanda ulikuwa ukitetemeka. Mtu wa kazi hii akisikia mluzi ule huzima kompresa na hasogelei pipa. Steeve alikuwa ameliinamia na spana, kidevu juu ya mfuniko, anakaza.

Nilipiga kelele, kompresa ikaimeza sauti yangu. Clermont aliona kutoka majini. Sijui mtu wa miaka sitini na mitatu anatokaje bwawani namna ile. Alipanda ukingo, akapiga hatua nne huku maji yakimchuruzika, akamwachia ngumi ya taya kwa mkono ule ule mbovu. Steeve alirushwa pembeni na spana yake. Hakuwa hata amefika chini mfuniko ulipofyatuka, ukapasua paa la banda, ukaangukia kwa jirani. Mkanda ulinipita sikioni, ukachana gome la mti nyuma yangu. Nilitambaa mpaka kwenye kompresa nikaizima.

Steeve alikuwa chini, mdomo unatoka damu, anatazama paa lilivyochanika. Alielewa. Naapa kwa kaburi la dada yangu, alielewa. Ningependa kuwaambia kwamba alishukuru. Alitazama dirisha la jikoni, akamwona mkewe amesimama, akacheka kwa woga.

"Umekwisha, mzee," alisema. "Ameona. Vile viatu katafutie mtoto mwingine."

Clermont akamwinua kwa kola, kama alivyokuwa akishika jezi zamani, akampiga ya pili. Nilisikia jino likidondoka kwenye saruji.

Annick alikuja mbio bila viatu. Nilimdaka njiani nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikamwonyesha pipa na paa. Alipima kwa macho mahali kilipokuwa kichwa cha mumewe na mahali mfuniko ulipopita. Akakaa chini, akaushika mkono wa baba yake uliokwisha kuvimba, akaubusu. Nikaanza kupumua.

Kisha akainua uso. "Nilikuwa dirishani, Baba. Nimeona ngumi mbili."

Nilifungua mdomo nidanganye. Uongo nilikuwa nao tayari: Steeve alichanganyikiwa, alitaka kulirudia pipa, ilibidi azuiwe. Clermont akaniwahi.

"Ya kwanza ilikuwa ya kuokoa kichwa chake," alisema. "Ya pili ilikuwa yangu."

"Si ungenidanganya tu, Baba."

"Ningekudanganya, halafu Krismasi ningempiga tena."

Annick alilia bila kuuachia ule mkono. Halafu akauachia. Alisema baba yake hatamwona Maïka mpaka bwawa lifunguliwe, mwezi wa tano, na si siku moja kabla. Clermont akahesabu miezi kwa vidole, akaenda garini, akaleta boksi, akampa. Alimwelekeza akaze sana kamba kwenye vifundo vya miguu, na mtoto akianguka asikimbiliwe, aachwe ainuke mwenyewe.

Jirani alimpeleka Steeve hospitali. Bwawa lilikuwa limefungwa nusu, na redio ilitangaza kwamba kutaganda kabla ya kesho. Clermont akarudi majini. Tulipuliza upya bomba moja moja, safari hii bila kupitia chujio. Nilimimina dawa, akaziba. Tukatandaza turubai na kulibana pembeni kwa mifuko ya maji. Maïka alikuwa dirishani, amevaa viatu vyake vipya, anagonga kioo na kumwita babu. Clermont hakugeuka. Alikagua kona ya mwisho, akaokota vizibo vilivyobaki, akapanda gari upande wa abiria, kwa sababu mkono haukuweza tena kushika usukani.