Siku Meza Namba Sita Ilipopotea

Nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye niliyemkalisha babu wa shemeji yangu, alhaji mzima, kwenye meza ya madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ukumbi wote ukitazama, na yote kwa sababu ya namba.

Mdogo wangu Skola alikuwa anaagwa hapa Songea ili akaolewe Tunduru. Baba alichukua muda mrefu kukubali (sisi watu wa kanisani, wao wa msikitini), na alituonya: "Wageni wale wakiudhika, mimi habari za ndoa hii msiniulize tena." Shangazi akanipa kazi ndogo, kuandika vibao vya namba za meza, kwa kuwa nimesoma hesabu chuo kikuu na kazi nyingine sina.

Sasa, mimi na "kwa nini" ni chanda na pete. Kwa nini tuhesabu kwa makumi? Nani aliamua? Bibi yangu akihesabu kwa Kingoni, vidole vya mkono mmoja vikiisha anasema tano na moja, tano na mbili. Nikaona niuheshimu mkono wa bibi, nikaandika 1, 2, 3, 4, halafu 10, yaani mkono mmoja kamili na vidole sifuri, halafu 11, 12, nikaendelea hivyohivyo mpaka mwisho, nikavipanga mezani asubuhi ile huku nikijisifu kama mtu aliyegundua moto. Nilidhani watu watauliza, nitaeleza, tutafurahi. Kumbe Shangazi alishagawa kadi zenye namba za kawaida (na mimi sikumuuliza).

"Meza namba sita, nyoosheni mikono tuwaone!" MC akaita. Hakuna mkono ulioinuka. "Jamani, meza namba sita imekwenda sokoni?"

Wenye kadi za tano mpaka tisa wakawa wanazunguka kama kuku wageni. Wageni wa Tunduru walipangiwa meza ya kumi, mbele kabisa, yenye maua na tende, lakini wakaona kibao cha 10 karibu na mlango, wakakaa. Ile ilikuwa meza ya tano. Meza ya wajomba zangu wa Madaba, ambao tangu alfajiri, kabla ya vibao vyangu, walishaficha madumu chini ya kitambaa na kujaza jagi moja juu, ungedhani ni togwa isiyolevya.

Mzee Bakari, babu wa bwana harusi, akajimiminia glasi, akaisogeza puani, akaishusha polepole, akanigeukia.

"Mwanangu, togwa yenu imelala siku ngapi?"

Mjomba Otmari, aliyekuja kudai kiti chake, akajibu kabla sijamziba mdomo: "Hiyo si togwa, mzee. Hiyo ndiyo yenyewe!"

Muziki ukazimwa. Skola akafunika uso kwa mtandio. Baba akanitazama. Nikashika kipaza sauti na, badala ya kuomba radhi, nikaanza kufundisha kwamba kumi si lazima iwe kumi.

"We mtoto!" Shangazi akapiga kelele. "Sema samahani ukae!"

Nikasema samahani, nikaongeza tu kwamba ile ni hesabu ya bibi yangu. Mzee Bakari akageuka kumtafuta bibi.

"Dada yangu, sita ninyi mnaitajaje?"

Bibi akanyoosha vidole vitano, akaongeza kidole gumba cha mkono wa pili, akaitaja kwa Kingoni: tano na moja.

Mzee akapiga meza kofi. "Na sisi Wayao! Msano na jimo, tano na moja! Ni ileile!"

Wakaanza kuhesabu pamoja, yeye kwa Kiyao, bibi kwa Kingoni, vidole juu, ukumbi ukawafuata kila mtu na kilugha chake (wajomba wakapata nafasi ya kuhamisha madumu). Walipomaliza mikono yote miwili, mzee akasimama. "Haya, kijana, nipeleke kwenye kumi yangu." Nikamshika mkono mpaka mbele, na njiani nikamwona Baba akihesabu vidole vyake chini ya meza, anacheka.

Nimeapa: kuhoji sitaacha, lakini sitabandika swali langu kwenye shughuli ya watu bila kuwaambia. Juzi Skola alinipigia simu, na nyuma yake nikamsikia Mzee Bakari akipaza sauti: "Mwambie aje Idi! Nimemwekea kiti meza ya msano na jimo, aitafute mwenyewe!"

Nitakwenda. Nitaanza kuitafuta kwenye kidole gumba cha mkono wa pili.