Mtu Hajisogezei Shanga

Meza ya pool ya klabu yetu pale Babati ilitoka kwenye mashamba makubwa ya bondeni, kwa mwenye shamba mmoja aliyeondoka nchini akaiacha. Ililetwa kwa lori, na wanaume kumi na sita waliishusha huku wakilaani kwa lugha nne tofauti. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimetoboka sehemu mbili na kushonwa. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, ukawekewa kipande cha tofali. Tuliipenda hivyo hivyo.

Juu ya meza, kimo cha mtu aliyeinua mkono na fimbo, zilipita nyaya mbili kutoka ukuta hadi ukuta. Kila waya ulibeba shanga hamsini za mbao, kila moja ukubwa wa kokwa la parachichi dogo. Mpira ukiingia shimoni, ushanga mmoja unasogezwa kwa ncha ya fimbo, kutoka upande wa dirisha kwenda upande wa mlango. Mipira kumi na tano ikiisha mezani inapangwa upya, mchezo unaendelea, na wa kwanza kumaliza shanga zake hamsini ameshinda. Hatukuandika popote. Karatasi zenyewe tungezitoa wapi, wakati shuleni kwangu watoto waliandika mpaka kwenye majalada ya daftari?

Klabu ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mtu hajisogezei shanga. Ukiingiza mpira, unasimama pembeni, mpinzani wako ndiye anayeinua fimbo na kukuhesabia. Sijui nani aliianzisha. Nadhani palikuwa na mtu hodari wa kujisogezea mbili mbili, wakachoka naye. Ila nakwambia, kumhesabia mtu anayekufunga, kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya watu, kunakufundisha adabu upesi kuliko kiboko. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka ishirini na mitano na hasira za karibu, na mara nyingi nilisogeza shanga za wenzangu kwa nguvu mpaka waya ukalia.

Aliyesogeza kwa upole kuliko wote alikuwa Fundi. Alikuwa fundi cherehani, amekaribia miaka sitini, mzee wa usharika katika kanisa la Kilutheri, mwembamba, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alikuwa ndiye mchezaji bora klabuni. Watu walisema ukimwachia Fundi shanga zako unaweza kutoka nje ukanywe chai, ukirudi utazikuta zilivyostahili kuwa.

Sasa, zile shanga za mbao zilianza kupasuka. Waya wa kwanza ulipoteza ishirini, za upande wa dirishani ambako jua lilizipiga kutwa. Nyingine hazikuwepo madukani, kama ambavyo sabuni haikuwepo, na sukari, na viberiti, na nyembe. Mimi, kwa kupenda sifa, nikasema nitatengeneza. Nilikwenda Mutuka kwa wazazi wangu, nikachagua magunzi makavu ya mahindi, nikayakata vipande vya unene wa kidole. Gunzi katikati ni laini, waya unapenya bila taabu. Nikavipaka wino mwekundu wa kusahihishia na kuvitundika. Vilipendeza. Kosa lake nililiona baadaye: mbao ilikuwa na mlio, ukisogeza unasikia tak, na watu hata waliokaa kwenye benchi wakicheza bao walikuwa wakifuata mchezo kwa masikio. Gunzi halikuwa na mlio wowote. Waya wa kwanza, ukishapita ushanga wa thelathini, ulikuwa bubu.

Ndipo kamati ya klabu ikapata doti moja ya khanga. Ilikuja kwenye mgao wa duka la ushirika, doti moja kwa klabu nzima yenye wanachama zaidi ya thelathini. Walikaa kikao mara mbili kujadili namna ya kuigawa. Mmoja alipendekeza ikatwe vitambaa vya mkono. Mwishowe wakakubaliana tuishindanie mezani, tutoane mpaka wabaki wawili, na fainali iwe Jumapili mchana baada ya watu kutoka kanisani.

Leo ukimwambia kijana kwamba wanaume wazima waligombea doti ya khanga atacheka. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Mke wangu alijifungua Jumatano ya wiki ile, mtoto wetu wa kwanza, wa kike, na hatukuwa na kitambaa cha kumfunika. Khanga mbili za mke wangu za siku ya harusi zilikuwa zimefuliwa kwa majani ya mpapai mpaka zikawa kama chujio la chai. Moja aliivaa, nyingine ilichanika wodini siku ya kwanza. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kitambaa cha mfuko wa unga wa msaada, na maandishi ya bluu yakimpita mgongoni. Jumatatu asubuhi wangeruhusiwa, na Babati mwezi ule ilikuwa na upepo wa baridi unaoshuka mlima Kwaraa bila huruma. Mke wangu hakulalamika. Aliniuliza tu, "Jumatatu tutamtoaje nje?" Nikamwambia, "Nitaileta khanga." Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye tayari anayo mkononi.

Niliwatoa watatu njiani. Aliyebaki upande wa pili alikuwa Fundi.

Jumapili ile watu walijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimekuja na vipande vyangu vya chaki ya shule kwa ajili ya kupaka ncha za fimbo, dhambi niliyokwisha kuiungama mara kadhaa bila kuiacha. Tukatupa shilingi kuchagua waya. Fundi akapata wa pili, wa mbao tupu. Mimi nikapata wa kwanza, wenye magunzi yangu.

Nilicheza ovyo. Kila nikiinama niliona maandishi ya bluu ya ule mfuko wa unga. Fundi alikuwa hana haraka. Alizunguka meza, akainama, akapiga, mimi nikainua fimbo kumhesabia: tak. Alipofika arobaini mimi nilikuwa na thelathini na tatu, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mke wangu.

Kisha bahati ikanigeukia kidogo. Nikaingiza miwili, nikakosa. Yeye akaingiza mmoja, akakosa. Nikaingiza mitatu mfululizo na watu wakaanza kupiga miluzi ya mshangao. Kila mara Fundi aliinua fimbo yake pale juu, taratibu, bila kunitazama. Na mara moja, nikiwa na arobaini na nne, niliingiza mpira mmoja, nikatupa jicho juu, nikaona magunzi mawili yanakwenda pamoja. Mawili. Hayakutoa sauti. Watu wote walikuwa wakitazama meza.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa akifuta ncha ya fimbo kwa kidole gumba, kama mtu anayefikiria mambo ya shambani. Nikajua macho yake mabovu yamemponza. Nilipaswa kusema. Kinywa nilikifungua kabisa. Nikakifunga, nikainama, nikaendelea kucheza.

Alifika arobaini na nane akakosa mpira ulioachwa mdomoni mwa shimo la pembeni, mpira ambao mwanafunzi wangu wa darasa la tatu angeuingiza. Na mimi nilikuwa na arobaini na nane. Nikaingiza wa kwanza. Nikaingiza wa pili. Fundi akasogeza gunzi la mwisho mpaka ukutani, akanipa mkono, akasema, "Hongera, Mwalimu. Msalimie Mama."

Jumatatu mke wangu alitoka wodini na mtoto akiwa ndani ya doti nzima, haijakatwa, imezungushwa mara tatu, na kila mtu njiani alisimama kutazama. Nilitembea mbele nimeinua kidevu. Shuleni nilisimulia jinsi nilivyomfunga Fundi, na kila nikisimulia nilikuwa hodari zaidi. Ile habari ya magunzi mawili niliiruka. Kufika Jumatano ilikuwa imenikaa kooni. Kumdhulumu Fundi, mtu ambaye watu walimwachia shanga zao bila kuangalia! Nikamwambia mke wangu. Akiendelea kunyonyesha, akasema, "Doti ina vipande viwili. Mtoto kimoja kinamtosha. Nenda akaikate, kimoja abaki nacho."

Fundi alikuwa kwenye baraza lake na cherehani ya miguu, hana uzi wa dukani. Alikuwa akifumua nyuzi kutoka kwenye mifuko ya unga, moja moja, na kuziviringisha kwenye kijiti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Fundi, nimekuja na neno." Nikaiweka khanga juu ya meza yake. "Jumapili, nilipokuwa na arobaini na nne, ulinisogezea mbili. Niliona. Nikanyamaza. Kipande kimoja ni haki yako, na ukitaka vyote viwili sitabisha."

Akaendelea kufumua uzi wake mpaka ukaisha. Kisha akavua miwani.

"Uliona moja tu?"

"Moja ipi?"

"Ya ziada. Zilikuwa tatu, Mwalimu."

Nilikaa chini kwenye kigoda cha wateja. Nakiri kwamba kitu cha kwanza kunipanda kilikuwa hasira. Siku zote hizi nimejisifu, kumbe kwa haki nilikuwa na arobaini na saba na mchezo haujaisha. Nikamuuliza kwa ukali, "Na ule mpira wa pembeni? Ulikosa makusudi?"

"Huo nilikosa kweli," alisema. "Uzee. Nao ulinisaidia, maana nilikuwa nimeshaishiwa na ujanja."

Mkewe akatoka na chai isiyo na sukari. Khanga aliyovaa ilikuwa na viraka vinne, na kila kiraka kilikuwa cha nguo tofauti. Jumamosi alikuwa amekwenda wodini na kina mama wa kanisa kupeleka uji, akamwona mtoto wangu ndani ya mfuko. Hakunieleza hayo yeye. Fundi ndiye aliyeeleza, akimwonyesha kwa kidevu.

"Huyu aliniambia nikiingia na hiyo doti humu ndani, nitafute pengine pa kulala."

"Nilisema hivyo," mkewe alisema. "Na bado nasema. Kunywa chai, Mwalimu, inapoa."

"Lakini Fundi, wewe ni mzee wa usharika. Ukisogeza ushanga watu wote wanaamini."

"Ndiyo maana iliwezekana." Akavaa miwani. "Ninyi Wakatoliki mna mahali pa kwenda kusemea mambo haya. Mimi imebidi niongee na Mungu mwenyewe, na bado tunaongea. Hili lisifike mtaani."

Halikufika. Aliikata doti katikati, akapinda kingo zote kwa nyuzi za mfuko wa unga, akanikabidhi vipande vyote viwili vimekunjwa. Hasira yangu ilikuwa imeondoka bila kuaga. Njia nzima ya kurudi nyumbani Singe nilitembea nimekumbatia ile nguo kama mtu aliyeokota mtoto.

Fundi na mkewe wametangulia sasa, kwa hiyo nimeona naweza kusema. Binti yetu ana watoto wake, na kipande kimoja bado kiko kwenye sanduku la mama yake, rangi imekwisha lakini pindo halijafumuka hata mahali pamoja. Watu wakizungumzia miaka ile huzungumzia foleni na njaa, nami nilizipanga na kuiona. Ila nikikumbuka mwenyewe huwa naanza na mkono wa Fundi pale juu kwenye waya, na moyo wangu unajaa shukrani mpaka inanibidi nitoke nje nikatazame kuku.

Jumapili iliyofuata nilimwomba tucheze tena, bila zawadi. Safari hii sikuwa na wasiwasi wowote, na alinifunga bila huruma. Waya wake ulikuwa ule ule wa mbao, na mimi nilikuwa nikimhesabia: tak, tak. Alipofika arobaini na saba, mimi nikiwa na ishirini na tisa, niliinua fimbo na kumsogezea tatu kwa mkupuo, kwa nguvu, zikagonga ukuta na chumba kizima kikasikia.

"Hamsini!" nilisema. "Fundi ameshinda."

Watu wakaangua kicheko. "Mwalimu amechoka kufungwa!" mmoja alipiga kelele.

Fundi hakucheka. Alizitazama zile shanga kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu akilifanya kwenye meza ile, wala sikuliona tena: aliinua fimbo yake akagusa shanga zake mwenyewe. Akazirudisha zote tatu zilikotoka.

Halafu akainama, akaingiza mipira mitatu iliyombakia, na kila ulipoingia akasimama pembeni kunisubiri. Nikamsogezea mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja.