Nilimfundisha kafili kufunga geti

Admin, jina langu lizike, hata herufi ya kwanza usiitoe. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mtu wa Unguja. Nililetwa Jeddah na wazee wangu baada ya mapinduzi, meno ya utotoni bado yanang'oka. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea someni hivyo hivyo, hamkulipa kiingilio. Ukurasa huu nausoma kila siku na nawacheka sana wanaoachwa na wake zao. Leo zamu yangu.

Kila baada ya alasiri tunakaa nje ya mkahawa wa chai karibu na bandari. Wengi wetu ni wapakiaji wa ghala la kuku na samaki wa barafu lililo ng'ambo ya barabara. Kiongozi wao ni Katana, mtu wa Kilifi, miaka yake arubaini. Zamani aliendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye ukumbi mmoja wa kuteleza hapa mjini. Huko ndiko alikopata maradhi ya hoki ya barafuni, akatuambukiza. Basi ungetuona watu wazima, jasho linatutoka mpaka kwenye makwapa ya kanzu, tunagombana juu ya timu za Kanada ambazo hatujui ziko upande gani wa dunia.

Msimu huu mechi hakuna. Matajiri wenye timu wamefunga viwanja mpaka wachezaji wakubali mkataba mpya. Tukagawika.

"Wachezaji washikilie hapo hapo!" Katana akapiga meza. "Bila wao tajiri ana nini? Ana barafu tupu. Tutalipa kutazama barafu?"

Mimi nikajitia upande wa matajiri, maana napenda kumuona akitoa povu. "Tajiri hata mwakani atakula. Mchezaji ana mke anataka gari jipya. Mfungie mwezi mmoja tu, utamuona anarudi anatambaa. Na nyinyi na makoti yenu mtatambaa vile vile."

Hapo nilimchoma. Wapakiaji walikuwa wamegoma siku ya pili, hawaingii chumba cha barafu mpaka wapewe makoti. Walikuwa saba na makoti matatu, wanavuana mlangoni, koti bado lina jasho la mwenzio.

Katana akanitazama, akatabasamu. "Babu, wewe mwalimu alikufungia mlango darasa la nne, ndio maana unapenda milango ifungwe."

Barza nzima ikaanguka kwa kicheko. Hata muuza chai, ambaye Kiswahili hajui, alicheka. Na mimi nikacheka. Lakini lile neno la darasa la nne nikaliweka.

Wakati huo huo kafili wao, tajiri mwenye ghala aliyewadhamini kukaa nchi hii, akasimamisha gari. Nimwite Abu Fahad, si jina lake. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Hawa hawataki kazi, wanacheka nini?" Huniuliza mimi siku zote, kwa sababu wao Kiarabu chao ni yalla, halas na mafi. Mkalimani wao ni mimi, na karatasi zao nawasomea mimi.

Ningesema "mpira" yakaisha. Nilisema mpira, kisha nikaendelea. Nikamweleza matajiri wa hoki wanavyofanya: wewe ndiye ufunge kwanza, uzime simu, uende mbali, wavunjike wenyewe. Na uanze na yule ambaye karatasi zake zinakaribia kuisha. Hilo la mwisho kwenye hoki halimo. Nililitia mwenyewe, kama mtu anavyotia pilipili kwenye chakula cha mwenzake. Nikamuonesha Katana kwa kidevu. Ikama yake, kibali cha kukaa, nilimsomea mimi, nilijua inaisha lini.

Katana alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo. Alidhani nawaombea makoti. Akaweka mkono kifuani, akamuinamia kafili kwa heshima. Wallahi nilikaribia kupaliwa na chai kwa kuzuia kicheko.

Jumapili wakakuta mnyororo kwenye geti. Abu Fahad yuko Riyadh kwa mke mdogo, simu imezimwa. Ghalani msimamizi wake anaingiza vibarua wa kuokota barabarani, kwa mlango wa nyuma. Wiki ya tatu watano walikuwa wamesharudi mmoja mmoja, vichwa chini, hakuna aliyetaja koti. Wa sita kapanda ndege kwao. Kabaki Katana. Ikama yake imebaki siku nne, kafili hajaihuisha. Ikiisha, akikamatwa njiani anarudishwa kwao na mlango wa kurudi hana. Mkewe yuko Riyadh, mtumishi wa ndani kwenye nyumba moja Al-Murabba, huonana Idi kwa Idi.

Jana kafili karudi. Kakubali kuonana na Katana Alhamisi, mimi nikiwa mkalimani. Naye alikuja kwangu, akanibusu mkono huu huu ninaoandikia. "Mzee, nilikukosea siku ile, nisamehe. Ulimi wangu ni wewe. Mwambie makoti siyataki tena, anirudishe tu."

Kabla yake alikuja Abu Fahad. Kaniletea koti jipya la chumba cha barafu, kola ya manyoya, huku anacheka. "Ndivyo wavaavyo watu wako wa hoki? Alhamisi usichelewe, ustadhi." Admin, umri wote huu hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu.

Sasa nyinyi mliosoma mpaka mwisho wa vitabu, niambieni. Nimwambie Katana kabla ya Alhamisi, anitemee mate mbele ya barza? Au ninyamaze, nitafsiri neno kwa neno, na Mungu ajaalie kafili amsikie? Msiniambie nitubu, hilo nalijua. Niambieni la Alhamisi, maana najijua: nikiitwa ustadhi tena mle ndani, sijui ulimi wangu utakwenda upande gani.

Na koti nimelijaribu chumbani, nimewasha eesii mpaka mwisho. Limenikaa sawasawa.