Sufuria ya Matanga ya Avenyu Yetu

Mwezi wa nane, mwaka 2002, nafikiri ilikuwa Jumatano. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi yakabaki manyunyu, na jua lilipotokea kidogo mabati yakaanza kufuka mvuke. Mama mkwe wangu anasema haikuwa Jumatano. Huenda yeye ndiye mwenye haki. Mimi niliishia darasa la tano, na kichwa changu hakishiki siku vizuri, kinashika vitu.

Nianze na watu wa avenyu yetu, maana bila hao hakuna atakayeelewa. Avenyu yenyewe, yaani mtaa wetu, ilikuwa fupi. Mtoto akilia upande wa juu, upande wa chini walijua ni wa nani. Juu, karibu na barabara ya malori, walikaa Wanande wenye duka, watu wa Butembo. Kisha sisi Waalur wa Mahagi. Katikati Wabira, wenye ardhi, na hawakutuacha tusahau: mtu akichimba choo tu, walisimama pale wakitania, "Chimba polepole, mugeni, udongo iko ya babu yetu." Wahema walikuwa na ng'ombe wao mbali, upande wa Bogoro, na maziwa yalishuka asubuhi kwa baiskeli. Walendu walikuwa na mashamba, na maharagwe yao ndiyo yaliyotulisha wote. Ningesema Wahema walikuwa wengi kuliko Walendu, lakini sina hakika. Labda naona hivyo kwa sababu walibaki wakati wenzao wameshaondoka. Tena kulikuwa na wake waliotoka kabila moja wakaolewa nyingine, na hao sijui niwaweke wapi.

Chini kabisa alikaa Mwislamu mmoja, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka Mongbwalu, baba wa kule, mama wa huku. Ukimwuliza kabila alicheka tu. "Kabila yangu iko shimo. Mu shimo siye wote tuko rangi moja."

Wengine husema kwamba zamani tulipendana. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba tulikuwa na sufuria moja.

Ilikuwa sufuria kubwa ya aluminiamu, bamama wa avenyu waliinunua kwa pamoja, na kazi yake ilikuwa matanga tu, kupikia watu wanaokuja kulia msiba. Ikishapika kwako, inabaki kwako mpaka kifo kingine kiiite. Arusi haiiti. Ubatizo hauiiti. Hakuna aliyependa kulala nayo nyumba moja, lakini sikumwona mtu aliyeikataa. Ndivyo ilivyofika kwa kila kabila, moja baada ya nyingine, kwa sababu kifo nacho kilipita kote.

Mwezi ule sufuria ilikuwa kwa jirani yangu Mlendu, ukuta wake na wetu zikitazamana. Mume wake alikuwa amekufa kwa ugonjwa mwaka uliotangulia. Wenye bunduki walioshika mji wakati ule walikuwa wa upande wa Wahema, na nyumba za Walendu zilikuwa zinaachwa wazi, zinaporwa, nyingine zinachomwa. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliofuata waliingia wa upande wa Walendu, na nyumba zilizoachwa wazi zikawa za Wahema, na moshi wake ulinuka vilevile. Mtu akisoma mstari mmoja asome na wa pili.

Watoto wa jirani yangu walikuwa wametangulia kwa miguu pamoja na mjomba wao. Yeye mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, hakuweza kutembea. Basi akaniomba nimfungie nyumba kwa nje, nitie kufuli, ionekane tupu. Nikafanya hivyo. Mchana nilipita nyuma na ndoo kama mtu anayekwenda bombani, na ndani ya ndoo mlikuwa na viazi. Nikigonga dirisha kwa kidole, mkono ulitokea. Mkono tu. Mpaka leo nikiona dirisha lililofungwa nawaza mkono.

Jumatano hiyo, kama ilikuwa Jumatano, waliingiza mwili wa kijana wa Kihema kutoka njia ya Bogoro, umefungwa kwenye shuka juu ya baiskeli. Alikuwa ametoka kufuata maziwa. Walisema ni Walendu waliomuua. Sikuona, siwezi kusema siyo, siwezi kusema ndiyo. Mama yake alikuwa na huyu mmoja tu wa kiume, na kilio chake kilipita ndani ya manyunyu mpaka mama mkwe wangu akaweka jembe chini.

"Wanakuja kutafuta sufuria," akasema.

Hapo ndipo na mimi nilipokumbuka iko wapi.

Walikuja bamama watatu: shangazi wa marehemu, mke mmoja kijana wa nyumba ile, na mama wa marehemu mwenyewe. Kwetu mama wa marehemu haondoki mkekani. Wengine wanamlilia, wanamtafutia maji, wanamwitia sufuria. Yeye alikuja miguu mitupu, kitambaa kimemwanguka mabegani.

"Jirani, funguo iko kwako?" akaniuliza shangazi.

"Funguo ya nini?" nikasema, na mama mkwe wangu akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

Yule mke kijana akacheka bila furaha. "Ya bale waliokimbia. Ao labda sufuria nayo imekimbia, imeota miguu."

"Mutoto, weye unachekea maiti?" mama mkwe akamjibu. "Sufuria ingekuwa na akili ya kukimbia, ingekimbia kwanza kinywa yako."

"Muzee, mimi ninauliza tu. Tuvunje mulango, siyo shida. Bavijana bako pale barabarani, naweza kuwaita."

Vijana wenye bunduki walikuwa kweli pale, chini ya baraza la duka la Wanande, wakinywa chai. Nilitoa ufunguo. Sikuwa na hesabu nyingine kichwani. Nilifikiri: nikitembea polepole, nikikohoa, atasikia, ataingia uvunguni. Nikakohoa mpaka koo likaniuma.

Kufuli lilipofunguka, mama wa marehemu akageuka kwa wenzake. "Mubaki inje. Sufuria ya matanga yangu nitaibeba mimi."

"Mama, haiko desturi," akasema shangazi.

"Na kumuzika mutoto iko desturi?"

Tukaingia wawili, yeye mbele, mimi nyuma, na mlango nikaurudisha kidogo.

Ndani kulinuka mguu mgonjwa. Labda ni mimi tu niliyesikia, kwa sababu nilijua. Kitanda kilikuwa kitupu na pazia la chumba cha pili lilikuwa limeshuka, lakini halikufika chini, na chini yake niliona kisigino. Kimevimba, kinang'aa. Sijui kama naye alikiona. Nimejiuliza hili miaka mingi. Uso wake ulikuwa upande wa sufuria.

Sufuria ilikuwa katikati ya chumba, chini ya mahali bati lilipotoboka, na ilikuwa imejaa maji ya mvua ya usiku. Juu yake kikombe kilikuwa kinaelea. Nyumba ya watu waliokimbia haina kikombe kinachoelea.

Alisimama. Nilisikia pumzi yake, na yangu, na nyingine.

Kutoka nje yule mke kijana akapaaza sauti, "Munafanya nini humo? Moto inangojea!"

"Imejaa maji," mama wa marehemu akajibu.

"Si mumwage!"

Hakumwaga. Alipiga goti, akachukua kile kikombe, akaanza kuteka maji ya sufuria na kuyatia ndani ya ndoo ya nyumba ile. Ndoo ilipojaa akavuta beseni. Beseni lilipojaa akatafuta kwa macho, akaona chungu, akakijaza. Hakuharakisha. Tone lililoanguka sakafuni alilipangusa kwa ncha ya kitambaa chake. Machozi yalikuwa yanamshuka wakati wote huo, lakini alikuwa amelia tangu mwili ulipofika, kwa hiyo siwezi kusema yale yalikuwa ya nani.

Kisha akasimama, akajitwika sufuria, na mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Funga. Funga muzuri."

Nje akawaambia wenzake, "Twende, maji imenichelewesha." Yule mke kijana akachungulia juu ya bega langu. Nilikuwa nimeshageuza ufunguo.

Tangu siku ile moyo wangu haukukaa. Alijua, akamwachia maji? Au aliona aibu tu kumwaga maji safi, kama mwanamke yeyote aliyezoea kuteka mbali? Au alikuwa anapima, ili awaambie vijana baadaye? Niandike yote matatu, maana sikuwahi kumwuliza. Jirani yangu alitoka mwisho wa juma lile ndani ya lori la kwenda Komanda, yule mchimbaji alimlaza kati ya magunia akasema ni dada yake mgonjwa, na hakuna aliyemwuliza kabila ya dada. Mama wa marehemu naye alikimbia mwaka uliofuata, zamu ilipogeuka. Wote wawili sikuwaona tena. Sufuria sijui iliporwa na nani.

Lakini jioni ya siku ile ya sufuria tulikuwa bado hatujui lolote. Kabla jua halijazama, mama wa marehemu alituma sahani kwetu, imefunikwa na nyingine. Nyumba inayotoa sufuria hupewa chakula cha kwanza cha matanga, na mtoto aliyetumwa alisema, "Mama amesema ni ya mwenye sufuria. Weye uko na funguo, utajua." Kulikuwa na maharagwe, bugali, na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe.

Niliiweka mezani, nikaogopa kuigusa. Watoto walikuwa wanaitazama nyama.

"Kama iko na sumu?" nikanong'ona.

Mama mkwe wangu akavuta sahani. "Mimi nimeishazeeka," akasema, akala kijiko kimoja cha maharagwe, akamega nyama kidogo, akakaa mikono magotini. Tukamwangalia. Kuku wakaingia kulala. Baadaye kidogo akapangusa mdomo. "Chumvi imezidi. Amelia ndani yake. Mupelekee jirani yako, ingali moto."

Nikaitia sahani ndani ya ndoo, nikapita nyuma, na mkono ukatokea dirishani ukaipokea. Sisi tulikula bugali ya muhogo na sombe, majani yake, isiyo na chumvi.