Mkono Mwepesi na Maji ya Saa Kumi

Wateja wa dada yangu humwita Mkono Mwepesi. Asiyemjua akisikia jina hilo hudhani ni mwepesi wa kupiga, na mimi niliyelelewa naye siwezi kukanusha kabisa. Lakini jina lilitoka saluni. Akikusuka husikii kuvutwa. Watoto wanaopiga mayowe kwa wasusi wengine, kwake husinzia midomo wazi mpaka mstari wa mwisho.

Mama alipofariki mimi nilikuwa bado naandika kwa penseli, na Dada ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shule. Akaanza kusuka jikoni, jicho moja kwenye kichwa cha mteja, jicho jingine kwenye sufuria. Mimi nikikaa sakafuni na daftari langu, namuuliza saba mara nane, ananijibu chanuo kimebanwa kwenye meno. Mpaka leo nikisikia mtu anaongea bila kufungua mdomo nakumbuka hesabu za kuzidisha. Aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani na draya yake begani, hakulia mbele yangu hata siku moja. Alisema tu, “Mdogo wangu, niachie juu.” Nikamwachia juu.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja. Juu anaishi Dada na saluni yake: viti viwili, sinki la kuoshea nywele, kioo kirefu chenye ufa pembeni. Chini tunaishi mimi na mke wangu. Mimi kutwa nipo kwenye ghala la dawa. Mke wangu anaotesha miche nyuma ya nyumba, nyanya, pilipili na maua ya vyungu, na watu wanatoka mbali kuifuata. Wale wawili walipendana kuliko walivyonipenda mimi. Kicheko kikisikika ngazini ujue nasemwa.

Sasa nieleze habari ya maji, maana ugomvi wote ulitoka hapo. Tangi letu ni moja, lipo juu ya paa, na limelizidi sinki la Dada kimo kidogo sana. Bomba la bustani likifunguliwa, la juu linakohoa mara mbili tatu, kisha linanuna. Zamani walikuwa wanaitana tu. “Wifi, umemaliza?” “Bado kichwa kimoja!” Mambo yakaenda. Mimi, kwa kupenda kwangu vitu vipya, nikaona huo ni ushamba, nikamleta Fundi Tayari.

Jina lake lenyewe linaeleza tabia yake. Husema “tayari” kabla hajaweka bisibisi chini. Alifunga visanduku viwili, kila kimoja kama kipande cha sabuni, kimoja juu kimoja chini, kila kimoja kikiendesha koki yake ya umeme. Cha juu kinampa Dada maji tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Saa kumi kinafunga, na cha chini kinafungulia bustani mpaka giza. Kwa nini viwili? Kwa sababu kila mwanamke alitaka chake kwenye simu yake, na mimi nani niwapinge. Miezi ya mwanzo tulijiona mabwana. Hakuna aliyepaza sauti ngazini tena.

Kisha siku moja Dada akashuka na uso wa kazi, akaniambia mimi, mke wangu akiwa amesimama pale pale, “Mwambie mwenzio maji yangu ni mpaka saa kumi. Siyo kabla.”

“Mwambie dada yako sijagusa kitu,” mke wangu akajibu.

Tangu siku hiyo nikawa posta.

Wiki zilivyokwenda, maji ya Dada yakawa yanakatika mapema zaidi. Kilele kilikuwa mama wa duka la vitambaa, mteja wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye heshima zake. Dada alishampaka dawa ya kulainisha nywele, ile ambayo muda wake ukifika lazima ioshwe hapo hapo, la sivyo inachoma. Akamlaza kwenye sinki, akafungua bomba. Likakohoa. Likanyamaza. Yule mama akavumilia kidogo, kisha heshima zikamwisha, akashuka ngazi anapiga kelele, kichwa cheupe kama keki, akapita sebuleni kwetu, akajitumbukiza chini ya mrija wa bustani katikati ya nyanya. Maji yote yalikuwa huko. Mke wangu akamsaidia kujisuuza. Kipande cha ngozi karibu na sikio kilikuwa kimebabuka, na Dada alishuka akakiona. Katika miaka yote hakuwa amemuumiza mtu.

Fundi Tayari akaja. Akaomba simu zote mbili, akazisoma, akatikisa kichwa. Ratiba zilikuwa sawasawa: juu inafunga saa kumi, chini inafungua saa kumi. Akabadilisha koki ya bustani hata hivyo, akasema tayari, akaenda zake. Laiti asingekuja. Maana kama mashine ni nzima, mwenye makosa ni mtu.

Dada akakata kauli kwamba mke wangu anafungua kwa makusudi. Mke wangu naye alikuwa na kesi yake. Alinionyesha miche, majani yana madoa ya kahawia kama yaliyopitiwa na pasi.

“Mume wangu, angalia. Inamwagiwa jua likiwa bado kali. Mimi mwenyewe niiunguze miche yangu? Nimerukwa na akili? Huko juu kuna mtu anachezea saa yangu.”

“Dada hawezi kufanya hivyo.”

“Na mimi je, naweza?”

Kila mmoja akabadilisha namba ya siri ya simu yake ili mwenzake asiiguse. Wakipishana mlangoni, mmoja anaangalia ukuta na mwingine anaangalia viatu.

Kisha Dada akanipa habari yenyewe. Amepata chumba karibu na soko, maji yapo siku nzima, na Jumatatu gari linakuja kubeba vitu. Aliisema akikunja taulo, kwa upole, na upole wa Dada ndio unaotisha. Nilimbembeleza. Nilimwambia nyumba hii ni yake kabla haijawa yangu. Akasema, “Najua. Ndiyo maana naondoka kabla hatujatukanana.” Niliona kama napoteza mama mara ya pili, na sioni haya kulisema.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini. Sikutaka kusikia ya mtu tena, nilitaka kuona. Nikaketi nyuma ya nyumba mbele ya ile koki kama paka mbele ya tundu la panya. Mke wangu alikuwa ndani anapiga pasi, namsikia akiimba. Dada yupo juu anafunga maboksi, namsikia akikokota viti. Simu ya mke wangu ilikuwa mezani kwetu na ya Dada sebuleni kwake, hazijaguswa, nilihakikisha. Mara koki ikalia tak. Maji yakaanza kutoka. Nikatazama saa yangu: saa tisa na robo.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikampigia Fundi.

Jumamosi akaja baada ya chakula cha mchana. Nilimweleza niliyoyaona, akajikuna shingo. “Bosi, basi siyo ratiba. Itakuwa saa yenyewe. Hivi visanduku kila kimoja kina saa yake ndani, na simu ikiwa karibu huisoma hata bila mtandao. Nataka zote mbili zisomwe kwa wakati mmoja.” Mimi sikuwa na namba za siri za simu zao, na hakuna aliyekubali simu yake ipande au ishuke ngazi. Fundi hakuwa na la kufanya ila kusimama katikati ya ngazi, Dada juu mlangoni, mke wangu chini, na mimi nyuma yake ili asiseme tayari akakimbia.

“Akina mama, nikihesabu tatu, kila mtu asome saa ya kisanduku chake kwa sauti. Moja, mbili, tatu!”

“Saa nane na dakika kumi!” Dada akasema.

“Saa nane na dakika hamsini na tano!” mke wangu akasema.

Hata Fundi alisahau kufunga mdomo.

“Soma vizuri, wifi,” Dada akasema. Mwezi mzima hakuwa amelitamka neno hilo.

“Nimesoma vizuri, wifi. Shuka uone mwenyewe.”

Dada akashuka. Wakainamia ile simu, vichwa vinakaribia kugongana. Kisanduku cha chini kilikuwa kimekimbia mbele robo tatu ya saa nzima. Kwake kilipoona saa kumi, sisi wengine wote tulikuwa tisa na robo. Kilifuata ratiba kwa uaminifu kabisa, maskini, ila kilikuwa kinaishi kwenye saa yake peke yake.

“Lakini vinatakiwa kuuliza saa mtandaoni kila siku,” Fundi akasema, akibonyeza bonyeza. “Saa zao si sahihi sana, hukimbia au huchelewa, ndiyo maana zinajirekebisha kwa kuuliza. Hiki cha chini...” Akasogeza simu karibu na macho. “Hiki hakijapata mtandao siku nyingi. Kuna mtu alibadilisha paswedi ya ruta?”

Ruta yetu ipo saluni, chini ya kile kioo. Nikaona uso wa Dada unabadilika polepole.

Nilikumbuka na mimi. Vijana wa mtaani walikuwa wamefanya ukuta wetu kijiwe, wanakaa hapo na simu zao wakila mtandao wetu mpaka wateja wa Dada wakawa wanaona haya kupita. Ndipo akabadilisha neno la siri. Alituandikia sote jipya. Nililiweka kwenye televisheni, mke wangu kwenye simu, Dada mwenyewe akaliweka kwenye kisanduku chake kwa kuwa kiko mbele ya macho yake kila siku. Cha bustani kipo nje, nyuma ya vyungu. Hakuna aliyekikumbuka. Kikabaki kinajihesabia chenyewe, dakika kama moja ya ziada kila siku, na sisi tunatafuta mchawi.

Fundi akaingiza neno jipya. Tukaiona ile saa ikiruka kurudi nyuma mbele ya macho yetu, hamsini na kitu ikawa kumi na kitu. “Tayari!” akasema. Nikamshika bega nikamwambia leo tayari itasemwa saa kumi, akae kwenye kiti anywe chai asubiri.

Dada aligeuka akapanda juu. Nikasikia hatua zake zikienda mpaka kwenye maboksi, zikasimama. Niliogopa, maana namjua: ni rahisi kwake kusamehe, ila kusamehewa kunamshinda. Mtu kama huyo anaweza kuhama nyumba kwa kuona aibu tu.

Mke wangu akaniangalia, akaweka simu mfukoni, akapanda. Nikamfuata, lakini niliishia mlangoni.

Dada alikuwa amekaa juu ya boksi. “Mimi ndiye niliyekifungia mtandao,” akasema bila kuinua uso. “Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Halafu nikakuita mwizi wa maji.”

“Na mimi nilisema unaniunguzia miche.”

“Hilo sikulisikia.”

“Nililisema chini.”

Mke wangu akavuta kiti cha saluni, akakaa mbele ya kioo, akafungua kitambaa kichwani. Mimi ni mwanamume, nilikuwa nimekiona kile kitambaa wiki nyingi nikadhani ni mtindo. Chini yake kulikuwa na mistari ya zamani, imefumka, imeshikana, nywele mpya zimeota shinani kote. Dada akasimama. Akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kisha mwingine.

“Hii ni kazi yangu,” akasema. “Ya kabla ya haya yote.”

“Ndiyo.”

“Wasusi wamejaa mtaani. Mbona hukwenda kwa mtu?”

“Niende kwa nani, wifi?”

Dada akageukia dirisha. Mabega yalimtikisika, na nilimwona dada yangu akilia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Haikuchukua muda. Akajifuta kwa taulo, akanigeukia kwa ukali wote aliobakiwa nao.

“Na wewe umesimama hapo unatafuta nini? Fungua hilo boksi, nipe chanuo!”

Nikalichana boksi kwa meno. Kufumua kulichukua muda mrefu, na umbea wa mwezi mzima ukafumuliwa pamoja na nywele, mwingi wake ukinihusu. Hatimaye mke wangu akalazwa kwenye sinki, kichwa kikajaa povu, Dada akafungua bomba asuuze. Likakohoa, likanyamaza. Kutoka chini ikasikika sauti ya Fundi, ya furaha kupita kiasi: “Saa kumi kamili! Tayari!”

Walicheka mpaka mke wangu akameza povu. “Wifi,” Dada akasema, akishika sinki asianguke, “niazime robo saa ya miche yako.”

“Chukua simu yangu mfukoni, ifunge koki mwenyewe. Namba ni mwaka wa harusi yetu.” Aliisema kwa sauti, macho yamefumbwa kwa sabuni, hakujali nani anasikia.

Dada akaifungua ile simu, akabonyeza, kisha akabonyeza yake. Bomba likaguna na maji yakaja. Akaupima uvuguvugu kwa kiganja, akaanza kusuuza.

“Mpigie yule wa gari,” akaniambia, hakugeuka. “Mwambie Jumatatu asije.”

Nikashuka mpaka barazani kupiga simu. Yule dereva hakukasirika, aliuliza tu, basi aje siku gani. Nikamwambia asije kabisa.